Mashine Yenye Akili na Wenye Mashine

Katika matawi ya Chama, vyuoni na hata vijiweni kwa wauza kahawa, watu wanaulizana siku hizi juu ya akili unde, au kama wengine waiitavyo, akili mnemba. Je, mashine zinazoandika, zinazochora na zinazosema kama binadamu zitatufanya nini? Wako wanaosema zitamaliza kazi zote. Wako wanaosema zitaleta neema ya ajabu, na ye yote anayezitilia shaka ni mtu wa kale. Makundi yote mawili huizungumzia mashine kana kwamba ni mtu: itataka, itaamua, itatawala. Kwa anayeitazama historia kwa jicho la kitabaka, hapo ndipo penye kosa. Mashine haina matakwa; mwenye mashine anayo. Hatuna budi basi kuuliza mashine hii imetoka wapi, imeundwa kwa jasho la nani, na iko mikononi mwa nani.

Asili yake haianzii Marekani mwezi Novemba 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT. Tunaweza kuifuata nyuma hadi Paris katika miaka ya 1790, na tutawakuta huko watengeneza nywele.

Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yaliwaangusha makabaila, na mawigi yao yakaanguka pamoja nao. Watengeneza nywele, ambao riziki yao ilikuwa kusuka na kupaka unga vichwa vya wakubwa, wakabaki bila kazi. Wakati huo huo Serikali mpya, iliyokuwa ikianzisha vipimo vya mita, ilihitaji majedwali makubwa ya hesabu kwa ajili ya upimaji wa ardhi. Kazi hiyo alipewa mhandisi Gaspard de Prony. De Prony alikuwa amesoma kitabu cha Adam Smith cha mwaka 1776, kinachoeleza jinsi kiwanda cha pini kinavyoigawa kazi vipande, huyu akivuta waya, yule akiukata, mwingine akiuchonga ncha. Akaamua kutengeneza hesabu kama pini zinavyotengenezwa. Juu kabisa aliweka wanahisabati wachache wa kuchagua kanuni. Chini yao aliweka wakokotozi wachache wa kuzigeuza kanuni hizo kuwa namba. Na chini kabisa aliweka watu kati ya 60 na 80, wakiwamo wale watengeneza nywele, ambao wengi wao hawakuhitaji kujua zaidi ya kujumlisha na kutoa.

Mwingereza Charles Babbage aliitazama kazi hiyo kwa makini sana. Katika kitabu chake cha mwaka 1832 kuhusu uchumi wa mashine na viwanda aliandika kwamba wale wa chini, wasiojua zaidi ya kujumlisha na kutoa, ndio waliokuwa wakikosea kidogo kuliko wenzao. Akaendelea kueleza, bila kuficha, faida ya bwana wa kiwanda katika mgawanyo wa kazi: kazi ikishakatwa vipande, bwana halazimiki tena kumlipa fundi mmoja mwenye ujuzi wote. Atanunua kila kipande cha ujuzi kwa bei yake ya chini. Tena Babbage akaona kwamba kazi ya kujumlisha na kutoa, ikishafanywa nyepesi kiasi hicho, inaweza kufanywa na magurudumu ya chuma. Mashine aliyoanza kuibuni mwaka 1834 ilikuwa ipokee maagizo yake kwa kadi zenye matundu, kadi zilizotoka katika kitanda cha kufumia hariri cha Mfaransa Jacquard cha mwaka 1804. Hakufaulu kuimaliza. Lakini wajukuu wake ndio hizi kompyuta.

Ndugu wasomaji, tusipite hapa kwa haraka. Kompyuta haikuanza kwa mtu kuota mashine inayofikiri. Ilianza kwa bwana kuigawa kazi ya akili mpaka ikawa rahisi, na ilipokuwa rahisi akaipa bei ya chini, na ilipokuwa na bei ya chini akaikabidhi mashine. Ujuzi uliotoka kichwani mwa fundi ukawa mali ya tajiri.

Wafanyakazi waliliona jambo hili mapema. Kuanzia mwaka 1811, katika wilaya ya Nottingham nchini Uingereza, mafundi wa kufuma soksi walianza kuvunja mashine usiku. Mabwanyenye wamelifanya jina lao, Luddites, kuwa tusi kwa mtu mjinga anayechukia maendeleo. Hiyo ni kasumba. Mafundi wale walikuwa wamefanya kazi na mashine za kufuma maisha yao yote, na mara nyingi waliziacha salama zile ambazo wenye nazo walilipa ujira wa haki, wakavunja za wale walioshusha malipo na kutoa kazi mbovu. Bunge la Uingereza likajibu mwaka 1812 kwa sheria iliyofanya kuvunja mashine kuwa kosa la kunyongwa. Dola ilijua vizuri ilikuwa ikimlinda nani.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mashine ya akili unde hulishwa maandishi na picha nyingi mno ambazo binadamu wamezitoa kwa miaka mingi, nayo hujifunza mifano ndani yake. Lakini katika maandishi hayo umo uchafu wote wa dunia. Ili mashine iujue uchafu huo na kuuepuka, lazima binadamu akae ausome, autie alama: hili ni tusi, hili ni mauaji, hili ni unajisi wa mtoto. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba kazi hiyo kwa ajili ya OpenAI, wenye ChatGPT, ilifanywa Nairobi na vijana wa Kenya walioajiriwa na kampuni ya Sama, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mkataba baina ya kampuni hizo mbili ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sama ilisema kiasi hicho kililipia pia majengo, usimamizi na gharama nyinginezo. Na iwe hivyo. Lakini mwanafunzi aliyekuwa akitafuta mfano wa kuielewa thamani ya ziada ameupata hapo, na hesabu yake haihitaji kuvuka kujumlisha na kutoa.

Kwa hiyo wale watengeneza nywele wa Paris hawakutoweka. Wamehamishwa tu mahali.

Upo mkondo wa pili wa historia hii, nao ni wa habari. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka habari baina ya Aachen na Brussels, kwa sababu waya za simu za miji hiyo zilikuwa bado hazijaungana. Njiwa wale walibeba hasa bei za masoko ya hisa, na aliyezipata saa chache kabla ya mwenzake alitajirika. Habari kama biashara ilizaliwa hivyo, na imebaki na tabia za utoto wake. Reuter akahamia London mwaka 1851. Mwaka 1870 mashirika matatu, Reuters ya Uingereza, Havas ya Ufaransa na Wolff ya Ujerumani, yalitia sahihi mapatano ya kuigawana dunia: himaya ya Uingereza kwa huyu, himaya ya Ufaransa kwa yule, na nchi za kaskazini na mashariki ya Ulaya kwa wa tatu. Mkutano wa Berlin wa kuligawana bara letu ulianza mwaka 1884. Kwa maneno mengine, mabepari waligawana haki ya kutusimulia miaka 14 kabla ya kukaa mezani kugawana ardhi yetu, na mgawanyo huo wa habari haukuvunjika hadi mwaka 1934.

Pwani yetu iliingizwa katika mtandao huo kwa sababu ya vita. Tarehe 22 Januari 1879 majeshi ya Wazulu yaliwashinda Waingereza huko Isandlwana, wakaangamia zaidi ya askari 1,300 wa upande wa Waingereza. London haikupata habari mpaka tarehe 11 Februari, kwa kuwa Afrika ya Kusini ilikuwa bado haijaunganishwa kwa waya, na habari zilisafiri sehemu kubwa ya njia kwa meli. Siku 20 za kutojua kwamba umeshindwa! Ubeberu haukuweza kuvumilia hali hiyo. Kabla mwaka huo haujaisha waya ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Durban, ukipita Zanzibar, na kisiwa kidogo cha Bawe mbele ya mji kikawa kituo cha waya huo. (Neno letu simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Tuliupokea waya kwanza, maongezi yakafuata baadaye.) Waya za namna hiyo zilifunikwa kwa utomvu wa mti uitwao gutta-percha, uliopatikana kwa kuikata na kuiangusha miti katika misitu ya Malaya na visiwa vya jirani. Leo tantali inayotumika katika vifaa vya kompyuta huchimbwa kwa mikono Rubaya, Kivu Kaskazini, na ndugu zetu wa huko wanajua inawagharimu nini.

Mtandao ulipokamilika, ukawa tayari kubeba uongo kwa kasi ile ile iliyobeba bei za hisa. Mwezi Aprili 1917 magazeti ya London, yakiwamo The Times na Daily Mail, yalitangaza kwamba Wajerumani walikuwa na kiwanda cha kuchemsha maiti za askari wao wenyewe ili wapate mafuta. Habari ilisimama juu ya neno moja la Kijerumani, Kadaver, ambalo hutumika kwa mizoga ya wanyama. Mwaka 1918 Roderick Jones, mkuu wa Reuters, alikuwa papo hapo mkurugenzi wa propaganda katika Wizara ya Habari ya Uingereza. Mwaka 1925 Waziri wa Mambo ya Nje, Austen Chamberlain, alisimama Bungeni kukubali kanusho la Wajerumani. Lakini mwisho wa mkasa haukuwa huo. Habari za kweli za mauaji ya Wayahudi zilipoanza kutoka Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, walikuwako watu waliozipuuza kwa kukumbuka jinsi walivyodanganywa mwaka 1917. Uongo wa vita vya kwanza ulikuja kuwaumiza watu wa vita vya pili, tena watu wasiokuwa na hatia.

Mfano mwingine unaihusu harakati ya wafanyakazi moja kwa moja. Tarehe 25 Oktoba 1924, siku nne kabla ya uchaguzi wa Uingereza, Daily Mail lilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa na Zinoviev wa Moscow ikiwachochea wakomunisti wa Uingereza wafanye uasi. Ilikusudiwa kukitia doa chama cha Labour, ambacho ndicho kwanza kilikuwa kimeonja madaraka, nacho kikashindwa uchaguzi. Utafiti wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza yenyewe uliotolewa mwaka 1999 uliona kwamba karibu kwa yakini barua ile ilikuwa ya kughushi. Ilichukua miaka 75. Sasa ulinganishe na uchaguzi wa Slovakia wa Septemba 2023: siku mbili kabla ya kura ilienezwa sauti ya kughushi, iliyotengenezwa kwa akili unde, ikimsikika kiongozi wa chama kimoja cha upinzani, Michal Šimečka, akipanga kuiba kura. Mbinu ni ile ile, hata siku zilizochaguliwa zinafanana. Tofauti ni gharama. Mwaka 1924 alihitajika mghushi hodari, karatasi zinazofaa, maofisa wa kuipitisha barua, na gazeti la tajiri la kuichapa. Leo sauti ya mtu inaghushiwa na kijana mmoja chumbani.

Hapo wengi husimama na kusema: basi, tatizo ni huyo kijana. Siyo sahihi. Kutengeneza uongo kumekuwa rahisi, ila kuueneza kwa mamilioni bado kunahitaji mitambo, na mitambo hiyo ni mali ya makampuni machache ya Marekani na China. Makampuni hayo huishi kwa matangazo ya biashara. Matangazo huuzwa kwa kadiri watu wanavyokaa mbele ya kioo. Na hakuna kinachomweka mtu mbele ya kioo kama hasira na hofu. Mnyororo huo ndio wa kuuelewa. Nchini Myanmar, kuanzia Agosti 2017, Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka uliofuata kwamba mitandao ya kijamii ilikuwa na sehemu kubwa katika chuki ile. Kampuni ya Facebook ilikiri mwezi Novemba 2018 kwamba haikufanya ya kutosha. Mwanzoni mwa mwaka 2015 ilikuwa na watu wawili tu wa kukagua maandishi waliojua Kiburma. Waliolifichua hilo ni Reuters. Historia nayo ina mizaha yake.

Kampuni haikuwachukia Warohingya. Haikuona faida katika kuajiri wasomaji wa Kiburma, basi. Ubepari hauhitaji chuki ili uue.

Hatuwezi kuyasema haya yote bila kujitazama. Nchi yetu ilikuwa kati ya zile zilizodai mfumo mpya wa habari duniani. Mwaka 1976 tuliunda Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, ili habari za Lindi zisilazimike kupitia London ndipo zifike Kigoma. Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride ilitoa taarifa yake ikiunga mkono madai ya nchi zetu. Wakubwa walijibu kwa kujitoa, Marekani ikiondoka UNESCO mwishoni mwa mwaka 1984 na Uingereza mwaka 1985. Njama hizo zinajulikana. Linalosemwa kidogo ni kwamba SHIHATA nayo haipo tena, na haikuuliwa na mabeberu peke yao. Chombo cha umma ambacho wananchi hawasikii sauti yao ndani yake hakipati mtu wa kukililia siku ya kuzikwa.

Tena mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hoja hazikukosekana: fedha za kigeni zilikuwa adimu, mashine zilizokuwapo ziliendeshwa kwa kutegemea wageni, na jaribio la kuziweka hesabu za Serikali katika kompyuta lilileta vurugu. Mimi ni kati ya wanaoamini kwamba hofu ile ilikuwa na msingi na dawa ile ilikuwa mbaya. Azimio la Arusha lilitaka njia kuu za uchumi zimilikiwe na wakulima na wafanyakazi. Halikutaka zikae nje ya mipaka zikimilikiwa na wengine huku sisi tumefunga mlango. Marufuku ilipolegezwa baadaye, tuliingia sokoni kama wanunuzi tu. Leo tunasikia tena makada wakipendekeza kufuli kama jibu la habari za uongo. Kufuli haimgusi mwenye mtambo aliye ng'ambo. Humgusa mama lishe anayepokea malipo kwa simu na mwanafunzi anayetafuta somo.

Na liko kosa kubwa zaidi ya hilo. Kada anayeeneza picha ya kughushi ya mpinzani wake kwa kuwa "inatusaidia" amejiunga na Daily Mail la mwaka 1924, hata kama mfukoni ana kadi ya Chama. Uongozi unaotegemea imani ya wananchi hauwezi kuwazoesha wananchi hao kutoamini cho chote. Tunapotangaza kipindupindu, je, wataamini? Tunaposema mbegu hii ni mbovu, tunapotoa matokeo ya kura, je, wataamini? Mabepari wanaweza kuishi katika jamii isiyoamini kitu, maana soko halihitaji kuaminiana sana, linahitaji bei. Ujamaa hauwezi.

Kuhusu lugha yetu nako kuna jambo. Zamani tuliuza pamba Ulaya tukanunua vitenge. Tukauza mkonge tukanunua kamba. Maneno ya Kiswahili tunayoyaandika kila siku, ya wauguzi, ya wavuvi, ya wanafunzi wa Kigoma na Mombasa, ni mali ghafi ya mashine hizi. Yanachukuliwa bure na kurudishwa kwetu kama huduma ya kulipia kwa dola, mara nyingine kwa Kiswahili kibovu. Wataalamu vijana wa Kiafrika walioanzisha kundi la Masakhane mwaka 2019, wakijenga zana za lugha zetu kwa kushirikiana, wameonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana bila kumsubiri mwekezaji. Vyuo vyetu vikuu, BAKITA na maktaba zetu vina hazina ya maandishi ambayo hakuna kampuni inayo. Kabla hazina hiyo haijatolewa kwa ye yote, yafaa mkataba usomwe mbele ya watu: nani atamiliki kitakachotengenezwa, na mwalimu wa Namtumbo atakitumia kwa bei gani?

Nimesema mashine haina matakwa. Lakini anayeiunda, yule wa chini kabisa, anayo. Mwaka 1970 katika kampuni ya Polaroid huko Massachusetts, wafanyakazi wawili Weusi, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba kamera za haraka za kampuni yao zilitumika kupiga picha za vitambulisho vya kuwadhibiti Waafrika katika utawala wa makaburu. Walianzisha mgomo wa wateja. Walipoteza kazi. Mwaka 1977 kampuni ikajitoa Afrika ya Kusini. Wataalamu wote waliokuwa wakijadili mustakabali wa teknolojia ya picha hawakuliona jambo hilo. Lilionekana na waliokuwa karibu na meza ya kazi.

Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 waliokutana Nairobi, ambao kazi yao ilikuwa kusafisha uchafu wa Facebook, TikTok na ChatGPT, walipiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Zaidi ya 180 kati ya wakaguzi wa Facebook walikuwa wameishtaki kampuni mama, Meta, pamoja na waajiri wa hapo Nairobi. Meta ilidai kwamba haina ofisi Kenya na kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliikataa hoja hiyo, ikaamua kwamba kampuni inaweza kushtakiwa pale pale kazi ilipofanyika.